Mbili za Tanga

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa nzima kabla ya mlango kufunguliwa. Nilisimama nje ya karakana ya matairi Walthamstow, chini ya tao la reli, nimeshika mkoba wenye vitu vitatu: geji ya kupimia upepo niliyotoka nayo Tanga, kipande cha chaki, na daftari. Koti nililovaa nililinunua kwenye soko refu la mtaa wa jirani, na lilikuwa limeshonwa kwa mtu mnene kuliko mimi. Ilikuwa Januari, katika miaka ile ambayo sisi Wahindi wa Afrika Mashariki tulikuwa tukiingia London familia baada ya familia, na masanduku yetu na pasipoti zetu za Kiingereza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kila mlango niliokuwa nimebisha kabla ya huo niliambiwa sina uzoefu wa hapa.

Msimamizi wa karakana alikuja ameshika funguo kwa meno, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na chupa ya maziwa na mwingine gazeti. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana, na nyuma ya sikio alichomeka penseli ambayo kwa miezi yote ile sikuwahi kumwona akiitumia.

"Wewe ndiye yule wa Afrika?"

"Ndiyo, bwana. Natoka Tanga."

"Tanga kuna joto?"

"Joto sana, bwana."

"Basi pole yako. Jiko la mafuta ya taa ni lile pale, chai ni saa nne, na ufagio uko nyuma ya mlango."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya kazi. Nilishika ufagio.

Niwaeleze vijana kazi ilivyokuwa, maana siku hizi mashine inavua tairi kwenye rimu kama mtu anavyovua soksi. Wakati wetu tulibandua tairi kwa vyuma viwili virefu, goti likiwa juu ya rimu, na ukiteleza kidogo chuma kinakurudi kwenye kidevu. Gurudumu likishafungwa tairi jipya, lilizungushwa ili kujua upande upi mzito, kisha upande mwepesi ukagongewa vibonge vidogo vya madini ya risasi mpaka gurudumu litulie. Halafu upepo. Halafu nati. Mwisho, kila gari lilikuwa na kadi ya kazi, karatasi nene ambayo chini yake fundi aliandika jina lake. Jina hilo halikuwa pambo. Gurudumu likichomoka barabarani, anayeulizwa ni mwenye jina. Kwa hiyo mtu aliyekuwa kwenye majaribio hakuruhusiwa kuandika chochote kwenye kadi, hata tarehe.

Majaribio yangu yalikuwa ya miezi mitatu. Baada ya hapo ama unapewa barua ya kazi ya kudumu, ama unarudisha ovaroli. Mimi nilikuwa naihitaji barua ile kuliko nilivyohitaji koti. Mama yangu alikuwa amebaki Tanga peke yake, akiishi chumba cha nyuma kwa majirani, kwa sababu baba alikuwa ameshafariki na mimi ndiye mtoto pekee. Niliambiwa kwamba nikitaka kumleta nionyeshe kwamba nina kazi ya kudumu na mahali pa kumweka. Mahali nilikuwa napo. Barua sikuwa nayo.

Sasa nakiri jambo ambalo kwa miaka mingi nililificha. Sikuwa nimesomea ufundi popote. Baba alikuwa na duka dogo la vipuri, na uani mwa duka madereva wa malori ya mkonge walikuwa wakiziba pancha zao. Mimi nilikaa juu ya boksi nikiwatazama, na nilisoma kila karatasi ya kiwanda iliyokuja imefungiwa matairi. Hakuna aliyenifundisha, na mtu asiyefundishwa huwa na hofu ambayo aliyefundishwa hana: hajui ni kitu gani asichokijua. Kwa hiyo nilirudia kila kitu. Nati nilizikaza mara tatu. Upepo niliupima mara tatu. Hata udhu nilikuwa narudia, mpaka mama alikuwa akiniambia nitamaliza maji ya mtaa.

Mtu wa kwanza London kuligundua hilo alikuwa Da Rukia. Alikuwa Mzanzibari, muuguzi katika hospitali ya jirani, amenizidi miaka kama kumi, na alikuwa na gari dogo la milango miwili, lile la watu wa kawaida, lenye magurudumu ya inchi kumi ambayo ukiyatazama unadhani ni ya toroli. Alikuja na pancha wiki yangu ya tatu. Aliposikia nikijihesabia nati kwa Kiswahili aliruka.

"Alaa! Weye mtu wa wapi?"

"Tanga, dada."

"Miye wa Unguja. Jina?"

"Shabiri."

Akasimama kunitazama. Nikakaza nati zote, nikarudia, nikarudia tena. Mara ya tatu akainama sikioni kwangu. "Shabiri, hivi unafunga nati au unatawadha?"

Tangu siku hiyo aliniita Wasiwasi, na kila mara gari lake lilipokuwa na shida alimwambia Msimamizi anamtaka Wasiwasi, na Msimamizi akadhani ndilo jina la ukoo wetu.

Shida ya gari lake ilikuwa mvua. Matairi yake yalikuwa membamba na magumu, ya bei rahisi, yenye kashata, yale meno ya raba yanayoshika barabara, zilizokaribia kuisha. Kwenye mzunguko mmoja wa barabara alikuwa ameteleza mpaka akapanda majani na kuua maua ya baraza la mtaa. "Gari hili likiona mvua linacheza lelemama," aliniambia. "Na miye saa kumi na mbili za asubuhi nnatakiwa wodini, si ngomani."

Wakati huohuo, ghalani kwetu yalikuwa yameletwa matairi manne ya majaribio kutoka Ulaya, ng'ambo ya mlango wa bahari, ambako watu hubadilisha matairi kwa majira. Yalikuwa matairi ya kiangazi ya mwendo wa kasi, yaliyotengenezwa kwa ukubwa wa magari madogo. Jina la kiangazi lisiwadanganye. Maana yake si kwamba yanataka jua. Maana yake ni kwamba raba yake imechanganywa kwa barabara isiyo na theluji, kavu au yenye mvua, na ni laini, inashika lami kama kiganja. Ubavuni yaliandikwa 165/70. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili inasema kimo cha ukuta wa tairi ni sehemu sabini katika mia ya upana huo. Yaani tairi pana na fupi. Matairi ya Da Rukia yalikuwa 145, membamba na yenye ukuta mrefu unaopinda kwenye kona.

Nilinakili namba zile zote kwenye daftari. Nikapima kwa futi nafasi ya ndani ya bodi ya gari la Da Rukia, usukani ukiwa umekatwa kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Nikagundua kwamba tairi jipya lingeenea bila kusugua popote, ila rimu zake za asili zilikuwa nyembamba mno. Tairi pana juu ya rimu nyembamba linavimba katikati kama andazi. Ghalani kulikuwa na rimu nne pana zilizorudishwa na mteja. Niliandika yote hayo kurasa sita, nikampelekea Msimamizi wakati wa chai.

Alisoma ukurasa mmoja. "Mwanangu, gari lile ni la kwendea dukani. Utalivalisha viatu vya mwanariadha?"

"Ni la kwendea hospitali, bwana. Na kwenye mvua halisimami."

"Halisimami kwa sababu mwenyewe anaendesha kama ameiba."

Hata hivyo kurasa zile alizipeleka kwa Meneja wa eneo, bwana mrefu mwenye mwavuli, aliyekuwa akipita kila mwezi kukagua matawi. Meneja ndiye aliyetakiwa kuamua kama matawi yake yaagize matairi hayo kwa msimu au yayarudishe. Alizisoma, kisha akamwambia Msimamizi kwamba watu wakisema sana tairi linashika, basi walionyeshe linavyoshika.

Msimamizi akanieleza masharti jioni ile akifunga mlango. "Majaribio yako yanaisha Ijumaa. Meneja ameniuliza kama nikuandikie barua, nikamjibu sijui, kwa sababu unafanya kazi vizuri lakini gari moja linakuchukua nusu siku. Basi Alhamisi tutaona. Gari likifanya ulichokiandika humu, barua unayo. Lisipofanya, ovaroli ifuliwe kabla hujairudisha."

Mahali pa jaribio palikuwa uwanja wa malori uliofungwa, kando ya mto Lea. Mapipa matano ya mafuta yalipangwa kwenye mstari mmoja. Gari lilitakiwa kuja kwa maili thelathini kwa saa, lipite kwa kuzungukazunguka katikati ya mapipa, kisha lifunge breki kabla ya kamba iliyolazwa chini. Lami ilimwagiwa maji. Jumatano asubuhi gari lilijaribiwa na matairi yake ya zamani. Liligonga mapipa mawili, likaipita kamba kwa urefu wake lenyewe. Meneja aliandika, akaondoka. Da Rukia ndiye aliyeendesha. Meneja alikuwa amependekeza dereva wa kampuni, naye akamjibu kwa Kiingereza chake cha wodini kwamba gari ni lake na usukani ni wake, na maua ya baraza aliyaua yeye.

Jumatano alasiri nilifunga matairi mapya. Nilifanya kazi ile kama mtu anayemvisha bwana harusi. Nilisafisha rimu kwa brashi ya waya. Nilipaka sabuni mdomo wa tairi ili uingie bila kuchanika. Niligonga vibonge vya kusawazisha mpaka kila gurudumu likatulia. Nilichora mistari ya chaki ubavuni mwa kila tairi, kutoka kwenye kashata kushuka ukutani, kama nilivyowaona madereva wa Tanga wakifanya walipotaka kujua tairi linalala kiasi gani. Karatasi ya kiwanda ilisema upepo uwe paundi ishirini na nane. Nikajaza, nikapima mara tatu. Magurudumu yote yalikuwa karibu na jiko, maana mikono yangu ilikuwa inakufa ganzi. Gari likalala nje, uani.

Alhamisi ilikuwa Aprili kwa jina tu. Majani ya kando ya mto yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, ingawa lami yenyewe ilikuwa na maji matupu. Da Rukia alikuja na glavu za sufu na kitambaa cha kichwa alichokifunga kama anakwenda kuolewa. Meneja alifungua daftari. Msimamizi alisimama na mikono mfukoni.

Akaja. Pipa la kwanza akalipita, la pili akalipita. Kwenye la tatu niliona kitu kilichonifanya nishike kichwa: gari liliinama, likachelewa, pua ikaenda moja kwa moja huku magurudumu yamekatwa. Pipa likaruka. La nne likaenda nalo. Breki zikashika, na gari likasimama hatua mbili baada ya kamba. Lilikuwa nafuu kuliko jana, lakini kidogo tu, na si kwa namna ya kumfanya mtu yeyote aagize matairi.

Da Rukia alishusha kioo. "Wasiwasi, linayumba! Kama nnavaa ndara za mume!"

"Tumeona," alisema Meneja kwa upole, akifunga daftari. Upole ule ulinichoma kuliko matusi. Nilimwona mama amekaa kwenye chumba kile cha nyuma, na mimi nikimwandikia barua nyingine ya subira.

Nikaenda kupiga magoti kando ya gurudumu la mbele. Chaki ndiyo iliyonieleza. Ilitakiwa ifutike kwenye bega la tairi tu, pale kashata zinapokutana na ukuta. Ilikuwa imefutika upana wa vidole viwili chini zaidi. Tairi lilikuwa linatembelea ubavu wake. Nikatoa geji. Badala ya ishirini na nane ilisoma ishirini na tatu na nusu. Nikapima la pili, la tatu, la nne. Yote yalisoma hivyohivyo.

Hapo nilielewa, na nataka muelewe vizuri, kwa sababu ni kosa ambalo Mwingereza hawezi kulifanya hata akijitahidi. Tanga, malori ya mkonge yalijazwa upepo alfajiri, raba ikiwa ya baridi. Kufika saa sita lami inachemka, upepo wa ndani unavimba, na tyubu zenye viraka zinapasuka. Kwa hiyo madereva walijaza pungufu ya paundi mbili, na wenyewe waliita fungu la jua. Unaliachia jua nafasi lijaze lenyewe. Mafundi wa leo watasema hata huko lilikuwa kosa, na pengine wana haki. Lakini mimi nililiona likifanywa tangu nina miaka sita. Mkono wangu ulilifanya bila kuniuliza. Nilijaza ishirini na nane, nikapima mara tatu, kisha mwisho kabisa, kama mtu anayesema amina, nikabonyeza vali nikatoa mbili. Tena nilikuwa nimejaza karibu na jiko, upepo ukiwa na joto, na usiku wa baridi ukaukunja ukachukua zilizobaki. Nilikuwa nimeliachia jua fungu lake London.

Nakiri kwamba uongo ulinijia kwanza. Ningeweza kusema vali zinavuja. Vali hazina mama Tanga. Lakini vali nne haziwezi kuvuja kiasi kilekile, na mtu anayehesabu nati mara tatu anajua hilo.

"Bwana," nikamwambia Meneja, "kosa si la tairi. Ni langu. Nimejaza pungufu."

"Pungufu kwa nini?"

"Nilijaza karibu na jiko. Tena nikapunguza paundi mbili kwa makusudi."

"Kwa makusudi ya nini?"

"Kwa ajili ya jua, bwana."

Meneja alitazama juu. Mbingu ilikuwa na rangi ya sufuria. Msimamizi naye akatazama juu, kisha akanitazama mimi.

"Jua gani, mwanangu?"

"La Tanga, bwana."

Da Rukia ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaangusha paji la uso kwenye usukani, honi ikalia, na honi ile ikamchekesha Msimamizi, ambaye sikuwahi kumsikia akicheka. Mimi sikucheka. Nikamwomba Meneja dakika kumi na pampu ya mguu. Alitazama saa yake. Akasema kumi, si kumi na moja.

Nilipiga pampu ile mpaka koti la mtu mnene likanianguka mabegani. Ishirini na nane la kwanza. La pili. La tatu. La nne. Nikarudi kwenye la kwanza kupima tena.

"Wasiwasi!" Da Rukia akaniita kutoka dirishani. "Unatawadha!"

Nikasimama. Nikarudisha kofia za vali. Kwa mara ya kwanza maishani nilipima kitu mara moja nikakiacha.

Alirudi mwisho wa uwanja, akageuza. Nilisikia injini kabla sijaliona gari. Akaja kwa maili thelathini, na nadhani ilikuwa zaidi, maana Da Rukia naye alikuwa na lake la kuonyesha. Pipa la kwanza, kushoto. La pili, kulia. La tatu, lile lile, gari likakata kona kama kisu kinavyokata sabuni, bodi imetulia, magurudumu manne yameng'ang'ania lami na maji yanaruka pembeni. La nne. La tano. Kisha breki, na pua ikainama mara moja, na gari likasimama.

Kamba ilikuwa bado mbele. Meneja alikunja mwavuli, akapima kwa hatua zake ndefu kutoka kwenye bampa hadi kwenye kamba. Hatua nne. Akaandika. Akarudi akapima tena, nami nikampenda sana mtu yule wakati ule.

Da Rukia alitoka ndani ya gari, akafungua kitambaa cha kichwa, akapiga kigelegele kirefu kwenye uwanja ule mtupu. Bata wa mto Lea wote wakaruka.

"Nani amefunga matairi haya?" Meneja akauliza, ingawa alijua.

Msimamizi alichomoa kadi ya kazi mfukoni. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau: alipeleka mkono nyuma ya sikio, akatoa ile penseli, akanipa. "Andika ulichokosea," alisema. "Andika ulivyorekebisha. Halafu chini weka jina lako, maana mimi siwezi kuliandika."

Niliandika. Herufi zilikuwa kama za mtoto, lakini jina lilikuwa langu, na lilikuwa kamili.

Barua ilipigwa chapa Ijumaa. Jumatatu iliyofuata niliipeleka Croydon, kwenye lile jengo refu la serikali la mambo ya uhamiaji, imewekwa kati ya magazeti mawili isijikunje. Nikiwa kwenye foleni niliitoa mara tatu kuhakikisha bado ipo. Mwezi Agosti mama akafika.

Tulimpokea uwanja wa ndege na gari la Da Rukia. Mama alikaa mbele, na mimi nikabanwa nyuma na masanduku mawili na kikapu ambacho kilikuwa kinanuka embe za kuchacha. Mvua ilinyesha, bila shaka.

"Shikamoo, mama," alisema Da Rukia akiwasha gari.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye dereva?"

"Ndiye miye. Na mwanao ndiye fundi. Shika mlango."

Alipita ule mzunguko wa barabara, ule wa maua, bila kupunguza sana. Mama alishika kiti. Gari likapita limetulia, kama liko juu ya reli. Mama akageuka nyuma kunitazama.

"Matairi haya umeyafunga wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Umepima mara ngapi?"

"Mara moja tu."

"Muongo," akasema mama, na macho yake yakajaa machozi, na Da Rukia akacheka mpaka nikaogopa atagusa honi.

Matairi yale yaliagizwa. Msimu ule na uliofuata, wauguzi na walimu na wauza samaki wa Walthamstow walikuja na magari yao madogo kuyataka, na Msimamizi akawa anawaambia wateja maneno ya daftari langu kana kwamba ameyaota mwenyewe. Baridi iliporudi, alichukua rangi nyekundu akaandika ukutani, juu ya mtungi wa upepo, maneno matatu ya Kiingereza ambayo maana yake ni "mbili za Tanga". Ilikuwa amri. Ukijaza upepo ndani, karibu na jiko, na nje kuna baridi, ongeza paundi mbili, baridi ichukue hizo iache haki ya tairi. Fungu la jua liligeuzwa likawa fungu la baridi, na mji wangu ukaandikwa kwa rangi nyekundu chini ya reli za London.

Miaka saba baadaye nilihamishiwa Croydon, nikiwa mkuu wa zamu. Mkuu wa tawi lile alikuwa mwanamke, wa kwanza katika kampuni, mkali kama pilipili, na swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Wewe ndiye Tanga?" Kutoka mlangoni kwetu liliweza kuonekana lile jengo la serikali, na kila nilipowaona watu wakishuka kwenye treni na bahasha zao, nilijua wamebeba nini. Ukutani kwangu niliandika maneno yale yale, safari hii kwa rangi ya buluu kwa kuwa nyekundu ilikuwa imekwisha. Mwisho nilipelekwa Stanmore kufundisha mafundi wapya, mtaa ambao wakati huo ulikuwa umejaa watu wetu wa Mombasa, Kampala na Dar, wazee wakitaka tairi la kudumu na watoto wao wakitaka tairi pana kuliko gari. Mama alizeeka nami Stanmore. Alifariki kitandani mwake, katika chumba cha mbele. Nilihakikisha kiwe cha mbele.

Mimi niliyeogopa kila nati nimefunga magurudumu miaka thelathini na minne, na hakuna hata moja lililochomoka. Watu huniuliza kama wasiwasi uliisha. Haukuisha. Nilijifunza tu kuutumia mapema, wakati wa kupima, na kuunyamazisha mapema vilevile, wakati wa kuandika jina. Kijana anayejifunza mwenyewe namwambia hivi: makosa yako hayatatoka kwenye usichokijua, hicho utakiulizia. Yatatoka kwenye kile ambacho mkono wako unakijua mno. Utazame mkono.

Majira ya kuchipua yaliyopita binti yangu alinunua gari dogo, nami nikamshauri aliwekee matairi ya kiangazi yaliyo mazuri. Nikampeleka kwenye karakana moja ambako sijawahi kufanya kazi, ya watu nisiowajua. Fundi alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye nywele fupi za zambarau. Mashine yake ilifanya yote kwa dakika chache. Alijaza upepo, akatazama mlangoni, nje kulikuwa na baridi kali, akajaza tena kidogo.

"Hizo za mwisho ni za nini?" nikamuuliza.

"Mbili za Tanga," alisema bila kuinua kichwa.

Binti yangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Tanga ni nini?"

"Sijui, babu. Hapa ndivyo tunavyosema. Aliyenifundisha naye alifundishwa hivyo. Labda ilikuwa jina la mzee fulani."

"Labda," nikamjibu.

Nilimshukuru kwa mikono miwili, akadhani ni desturi yetu. Tukatoka. Tulipopita kona ya kwanza nilimwambia binti yangu asimamishe gari, nikashuka, nikapiga magoti yangu mabovu kwenye lami ya baridi, na nikatoa mfukoni geji yangu ya Tanga. Nikapima yote manne.

Yalikuwa sawasawa.